Glasi ya Mzee Reinhold

Mama Jonas alifika mikono mitupu, na kabla hata hajaketi akaanza kuniomba radhi. Alikuwa amenibebea chupa ya juisi ya zabibu kutoka kwao Ujerumani, kutoka shamba la baba yake, na chupa hiyo ilikuwa imebaki uwanja wa ndege. Maafisa waliipitisha kwenye mashine, wakaliona umbo lake na kizibo chake, wakamwambia kwa adabu kwamba mvinyo hauingii. Akawaambia si mvinyo, ni juisi. Wakatabasamu, maana bila shaka kila msafiri husema hivyo, wakampa stakabadhi na kumwambia atarudishiwa siku ya kuondoka. Tulikuwa tumekaa mkahawa wa chini wa hoteli ninayofanyia kazi huku West Bay, Doha, ila siku hiyo nilikuwa na mapumziko, nimevaa buibui langu zuri badala ya sare. Nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuitazama juisi ya mzee yule nikaidhania mvinyo, mbele ya watu, na kicheko kikanikauka mdomoni. Mama Jonas alikoroga chai yake ya karaki kwa muda mrefu. "Papa amefariki, Misi," akasema. "Mwezi wa nne."

Sitaeleza nilivyofika Doha wala niliowaacha Ukunda. Hayo yana mahali pake. Nataka kuusimulia mwaka mmoja tu, mwaka ambao nusu ya minara ya West Bay ilikuwa bado vyuma na winchi, nami nilikuwa yaya wa familia ya Kijerumani katika kompaundi moja ya Al Rayyan. Baba wa nyumba alikuwa mhandisi. Mama jina lake Anke, na aliniambia siku ya kwanza nimwite Anke. Sikuweza. Mwanamke mwenye mtoto nimwite jina lake kavu, kama namwita mwenzangu tuliyecheza naye kibaridi? Nikamwita Mama Jonas kwa jina la mwanawe, naye akazoea. Siku zangu za Ijumaa nilizimalizia Muaither, chumbani kwa Zubeda, mtu wa Mombasa aliyekuwa akifanya usafi hotelini. Tulipika pilau kwenye jungu la umeme la kupikia wali, tukala sinia moja tumekaa kitandani kwa sababu sakafu yote ilijaa masanduku ya wenzake. Zubeda alikuwa rafiki yangu, na pia, bila kuombwa, alikuwa kadhi wangu.

Mwaka huo Mama Jonas alikuwa mja mzito wa mtoto wa pili na alitaka kujifungulia kwao. Akaamua kwenda na Jonas, na mimi nimsaidie. Zubeda aliposikia alinipigia kigelegele cha chini chini ili majirani wasigonge ukuta. Nilienda na kiburi kidogo, nakiri, kwa sababu nilijiona ninajua Kijerumani. Ukunda mtu hukulia masikioni mwa Wajerumani. Nilisuka nywele za watalii wao pale Diani tangu nikiwa na vidole vyembamba, nikajua kuuliza hali, kutaja bei, kusifu nywele na kuaga. Kijerumani cha ufukweni kina neno moja la kumwambia mtu wewe, nalo ni du. Kila mtu ni du, mtoto, mzee, mwenye pesa na anayejifanya hana. Nilidhani ndiyo lugha yenyewe.

Kijiji chao kiko kando ya mto Mosel, na mashamba yake ya mizabibu yamepanda mlima hadi unajiuliza nani alianza kulima kule na alikuwa amegombana na nani. Nyumba ya Mzee Reinhold ilikuwa ya mawe. Jikoni kulikuwa na benchi la mbao lililozunguka kona, na meza nzito ambayo juu yake ndiyo yote yalifanyika, kula, kusoma gazeti, kumenya viazi, kununiana. Mzee alikuwa mjane, mrefu, mwenye masikio makubwa na sweta lililotoboka kiwiko. Alisimama kunipokea. Nami nikampa mkono, nikatabasamu kwa meno yote, nikamwuliza kwa du yangu ya Diani: wewe babu, wewe hujambo? Akanitazama. Akanijibu polepole kwamba hajambo, ashukuru, na wewe je? Ila "wewe" hiyo aliitamka kwa neno lingine, Sie, neno ambalo sikuwahi kulisikia pale ufukweni.

Mama Jonas alinivuta kwenye ujia. "Misi, kwa Papa mgeni husema Sie. Du ni ya watoto, ya ndugu, ya marafiki wa karibu."

"Kwani kuna wewe mbili?"

"Kuna mbili."

Kwetu wewe ni moja. Heshima iko kwenye shikamoo, iko kwenye kuinamisha macho, haiko kwenye wewe. Nilitahayari mpaka shingo ikawasha. Fikiria mtoto wa watu anaingia nyumba ya mzee mara ya kwanza na kumpiga kofi la begani. Tangu saa ile niliikamata Sie kwa mikono miwili. Nilimwambia Sie akinipa chumvi, Sie nikimpisha mlangoni, Herr Reinhold hiki na Herr Reinhold kile, ingawa Mama Jonas aliniambia Herr, yaani Bwana, huenda na jina la ukoo na nilikuwa nachanganya. Mzee hakunisahihisha. Yeye aliniita Frau Misi, yaani Bi Misi, akainamisha kichwa kidogo kila mara.

Nilijifunza ya nyumba ile moja moja. Viatu vya nje huishia mlangoni, ndani kuna ndara za kila mtu, na zangu zilikuwa zimeshawekwa, mpya, za sufu ya kijivu. Madirisha hufunguliwa yote asubuhi hata kama baridi inakata masikio, eti hewa ibadilike. Jumapili hufui, na kama umefua huaniki mahali jirani ataona. Saa za mchana watu hawasalimiani kwa habari, wanaambiana Mahlzeit, yaani saa ya chakula, hata njiani, hata mtu asiye na chakula. Jioni hawapiki, wanakula mkate baridi na jibini, na mimi usiku wa kwanza nilikaa mezani nikiungojea ugali ambao haukuja. Lakini siku ya pili mzee aliniuliza, kupitia kwa bintiye, nisichokula ni kipi. Nikasema nguruwe. Alasiri alirudi na sufuria mpya, akaifunga uzi mwekundu kwenye mpini wake, akaitundika mbali na nyingine, na tangu siku hiyo hakuna soseji iliyoikaribia. Wavunaji waliokuja kutoka Poland walipotaka kuichemshia mayai aliwanyang'anya na kuwaonyesha uzi.

Kuhusu kuvuna, hakuna aliyeniambia nivune. Jonas alikuwa akienda shule ya watoto ya kijiji asubuhi, Mama Jonas alikuwa amelala na miguu yake iliyovimba, nami nilibaki nikizunguka jikoni kama mgeni wa siku ya tatu. Dirishani niliwaona watu mlimani na ndoo zao. Sikuzoea kukaa bure. Nikajitolea. Mzee alinipa mkasi mdogo wa ncha iliyopinda na glavu, akanionyesha kwa vidole: kishada unakishika kwa chini, unakata kikonyo, unakigeuza, unaangalia ndani. Kule nilijua kwamba neno letu ukungu lina kazi mbili, maana asubuhi kulikuwa na ukungu bondeni usioona mto, na kulikuwa na ukungu kwenye zabibu, wa kijivu, ambao mwingine ni wa kutupwa na mwingine, ajabu, ndio wanaoutaka kuliko zabibu nzima. Mzee alinusa, akanipa ninuse. Mbovu inanuka siki, nzuri inanuka asali. Nilijifunza haraka. Mlima ni wa mawe bapa meusi yanayoteleza, nyigu wanakuwania mikono iliyoganda sukari, mgongo unauma, na nilikuwa na furaha. Nilifurahi sana, na hilo ndilo lililokuja kunitesa.

Ijumaa nilimpigia Zubeda, nikiwa nimeegemea dirisha la chumba changu juu ya banda la kukamulia. Nilisikia nyuma yake mlango wa friji na mtu akigombania chaja.

"Shoga, waenda kuvuna nini huko?"

"Zabibu."

"Za kula?"

Nikakawia. Kukawia kule kulitosha.

"Misi. Za kula, ama za kukamua?"

"Mi nakata tu, Zubeda. Sikamui."

"Wallahi hukusoma chuoni wewe? Si mnywaji peke yake. Mwenye kukamua yumo, mwenye kubeba yumo. Na mwenye kukata wadhani atapita wapi?" Akashusha sauti. "Waambie mgongo wauma. Ulienda kulea mtoto, hukuenda kutengeneza tembo."

Sikuwaambia mgongo unauma. Ningesema nini, na mimi ndiye niliyejiomba kazi? Na zaidi ya hapo, nilitaka kuendelea. Nilipanda mlimani kila siku nikiona raha, nikateremka kila siku nikijiona mkosaji. Usiku nilitandika mswala kwenye mbao ambazo chini yake ile juisi ilikuwa inachemka yenyewe ndani ya mapipa, naisikia ikitoa povu, harufu yake imejaa hadi kwenye khanga niliyojifunika kichwa. Nilisali na kuomba msamaha kwa jambo ambalo nilijua nitalirudia asubuhi. Mtu akishaomba msamaha wa namna hiyo mara nyingi huanza kutafuta njia ya kujikosha upande mwingine. Nikajiwekea sharti: mikono yangu imeshaingia, basi kinywa changu kibaki safi kabisa. Hata glasi zao nilizioshea mbali na pua. Walipogonganisha glasi mezani niliangalia sahani yangu. Kuna mila pale kwamba ukigonga glasi na mtu lazima umtazame machoni, usipomtazama ni kama hukumgongea, na Jonas mdogo, na kikombe chake cha maziwa, aliwazomea wote waliokwepa. Mimi sikugonga, kwa hiyo sikumtazama mtu.

Siku ya mwisho ya mavuno walilipamba trela la mwisho kwa matawi na utepe, wakaliteremsha kijijini huku wakipiga honi, na jioni meza ndefu ikawekwa uani. Kulikuwa na keki ya vitunguu na ule mvinyo mchanga wao, ambao bado haujatulia, mweupe wa kutifuka kama maji ya kuoshea mchele. Mzee alikuwa amevaa shati jeupe. Nilimwona akiingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na glasi mbili. Akapita kwa Wapolandi, akapita kwa jirani, akaja kusimama mbele yangu. Mazungumzo yakapungua meza nzima, na mimi sikuelewa kwa nini. Akaninyooshea glasi moja, nyeupe ya kutifuka. Akasema, "Ich bin der Reinhold."

Mimi ndiye Reinhold. Basi. Nilikuwa nimeishi nyumbani kwake vuli nzima, nalijua jina lake, nazijua soksi zake. Nilidhani amelewa. Nikaona pia kwamba sasa ndiyo saa yenyewe ya lile sharti langu, kwamba Mungu ameniletea mtihani kwenye glasi, mbele ya watu, na safari hii sitashindwa. Niliweka mkono kifuani, nikainamisha macho mpaka ardhini kama nilivyofundishwa kumkatalia mkubwa, nikasema hapana, ahsante, Herr Reinhold, Sie ni mwema sana. Nikachukua sahani zilizo karibu nikaenda nazo jikoni. Nyuma yangu hapakuwa na sauti ya glasi. Nilisimama kwenye sinki, na niseme ukweli, nilijisikia msafi. Niliona nimelipa.

Asubuhi niliosha vyombo. Glasi ile ilikuwa dirishani uani, imejaa vilevile, na nzi mmoja. Nilipotaka kuimwaga haikunuka mvinyo. Nikachovya kidole, nikasita, nikalamba. Ilikuwa juisi, tamu, nzito, yenye ladha ya kuchemshwa. Nikaenda friji, na nyuma ya maziwa nikaikuta chupa iliyobaki, na kwenye shingo yake umefungwa uzi mwekundu.

Mama Jonas aliingia akijishika kiuno, akajilaza kwenye benchi la kona. Nilimwuliza maana ya kusema mimi ndiye Reinhold kwa mtu anayekujua.

"Alikupa du," akasema. "Kwetu mkubwa ndiye hutoa. Anakuja na glasi, anasema jina lake, nawe unasema lako, mnatazamana, mnakunywa. Baada ya hapo yeye ni Reinhold kwako maisha yote. Papa hampi mtu. Mume wangu aliingojea mpaka harusi ikapita."

"Na mimi nikaangalia chini."

"Ukaangalia chini," akasema, si kwa ubaya.

"Nikamwambie nakubali?"

"Mdogo haombi, Misi. Hilo ndilo gumu lake." Akafikiri. "Nitamwambia mimi kwamba ulidhani ni mvinyo."

Nilikubali upesi mno. Kusema kweli nilifurahi kwamba kuna mila ya kunizuia, maana kwenda kwa mzee yule na kumwambia nimekosa kulinishinda. Usiku huo uchungu ukamshika Mama Jonas, mtoto wa kike akazaliwa, na nyumba ikawa nepi na mvuke. Mzee aliendelea kuninyooshea chumvi. "Bitte, Frau Misi." Alinipa Sie yake ile ile, safi, bila kinyongo, na kila aliponipa niliumia. Siku ya kuondoka alinibebea sanduku hadi kwenye gari na akainamisha kichwa. Nilikuwa na safari nzima ya kutoka mlangoni hadi garini ya kusema neno moja. Nikasema Auf Wiedersehen, kwaheri ya watu wa Sie.

Mwaka uliofuata Mama Jonas alitaka twende tena. Nikasingizia viza. Zubeda alinisifu kwa kuiokoa dini yangu, nami nilimwacha anisifu, ingawa kilichonizuia hakikuwa dini, kilikuwa aibu. Baadaye familia ikahama Doha, nami nikaingia hotelini, kwanza kutandika vitanda, siku hizi kuwasimamia wanaotandika. Wasichana wapya hunicheka kwamba mtu akinipa hata peremende lazima niipokee kwanza, nimtazame usoni, ndipo niulize ni ya nini. Wanadhani ni ulafi. Nami nawaacha wadhani hivyo.

"Ulimwambia?" nilimwuliza Mama Jonas pale mkahawani. Miaka yote hiyo, kwa salamu zote za sikukuu tulizotumiana, sikuwahi kumwuliza.

"Nilimwambia wiki ile ile. Akasema kosa ni lake."

"Lake vipi?"

"Kwamba alikutilia kwenye glasi ya mvinyo. Angekutilia kwenye kikombe ungejua. Alijilaumu sana, Misi. Kila vuli alitoa kidogo kwenye mkamuo wa kwanza, akachemsha, akakufungia chupa moja. Tulimwambia haji huyo. Akasema watu huja. Hii niliyoleta ni ya mwisho aliyoifunga." Akatabasamu na macho yamelowa. "Na bado kaitia kwenye chupa ya mvinyo. Hakuwa na nyingine."

Ningevumilia kama mzee angenikasirikia. Hili la kwamba alikaa jikoni kwake vuli baada ya vuli akijihesabia kosa langu, akifunga uzi, sikulitarajia na sijui niliweke wapi. Mama Jonas alisema angeiacha stakabadhi kwangu kama ingesaidia, lakini chupa hurudishwa kwa msafiri mwenyewe anapoondoka, kwa hiyo itabidi airudishe ilikotoka, rafuni. Nikamwambia airudishe.

Nilimsindikiza hadi kwenye teksi. Joto la saa kumi lilikuwa limelalia lami, na yeye, kama kawaida yao, alikuwa anaaga mara tatu bila kuondoka. Nikamwambia kwetu mtu akipita kaburini humtolea salamu aliyelala pale, na akifika kwa baba yake amfikishie zangu. Zubeda angekuwa na la kusema juu ya hilo, naye atanisamehe.

"Nitamwambia zimetoka kwa Frau Misi," akasema.

"Hapana," nikasema, na safari hii nilimtazama machoni. "Mwambie hivi: Reinhold, ich bin die Mwanamisi."

Alilirudia jina langu lote polepole ili asilikosee njiani, kisha akafunga mlango wa teksi.